Makofi Mawili

Kwenye reli ya Kongo, kati ya Kindu na Kongolo, kila aliyekaa mbele ya chombo cha telegrafu alimjua mjomba wangu, na wengi wao hawakuwahi kumwona. Walimjua kwa mkono. Kazi ile ilikuwa ya kugonga: chuma kidogo chini ya vidole, mlio mfupi, mlio mrefu, na kila mgongaji alikuwa na mwendo wake, kama vile kila mtu alivyo na namna yake ya kutembea. Mjomba alikuwa akikawia kidogo sana kabla ya herufi ya mwisho ya neno, kama mtu anayeushika mlango asiuache ujigonge. Mwenzake wa Kibombo, alipokuja Kindu kwa likizo, alimshika mkono ule akautazama pande zote mbili, akacheka. "Njo huu sasa," alisema, yaani ndio huu. "Miaka sita naongea na huu mukono, leo naona mwenyewe."

Ninaanza na mkono kwa sababu mimi ndiye niliyeuharibu.

Mjomba alikuwa kaka wa mama yangu. Baba alipofariki, mama alinituma kwake kutoka Pangi, nikiwa na barua ya shule ya misheni na jozi moja ya viatu. Alinilisha, akanisomesha miaka miwili iliyobaki, kisha akaniombea kazi stesheni. Nikawa karani wa vifurushi. Yeye alikuwa katika chumba cha telegrafu, ukuta mmoja tu kati yetu, na siku nzima nilisikia akigonga huku nikiandika hati za mizigo. Kwa kusikia tu, bila kufundishwa, nikaanza kuelewa maneno mafupi: treni imetoka, treni imechelewa, nani.

Kwa watu wa upande wetu, mpwa ana haki moja ambayo hana mtu mwingine. Anaweza kuingia katika uwanja wa mjomba wake, akakamata kuku, akaondoka naye bila kuomba. Mjomba hawezi kumzuia. Anachoweza ni kunung'unika, na hupaswa kunung'unika sana, ili majirani wasikie kwamba mpwa amekuja. Nilitumia haki hiyo bila aibu. Mke wa mjomba alikuwa akisimama mlangoni mwa jiko, mikono kiunoni.

"Baba, huyu mupwa wako ni paka ya pori," angesema.

"Paka ya pori iko na haya kidogo," mjomba angejibu kutoka ndani. "Huyu anachagua na ile inayotaga."

Lakini haki hiyo ilikuwa na upande wake wa pili. Baraka zako ziko mdomoni mwa mjomba. Ukitaka neno jema kabla ya safari au ndoa, au ukiwa umemkosea, unapiga goti mbele yake na kupiga makofi mawili, viganja vikiwa vimekunjwa kidogo ili sauti itoke nzito, kisha unangoja. Akisema "nimesikia", unainuka. Mpwa humpigia mjomba. Sijawahi kuona wala kusikia mjomba akimpigia mpwa.

Miaka michache baada ya vita vya Korea kwisha, alikuja stesheni mkuu mpya wa yadi, Mbelgiji mrefu mwenye shingo nyekundu. Alikuwa amejitolea kupigana huko, na alipenda kuhadithia baridi ya kule kuliko mapigano yenyewe. Nyuma ya mahema ya jikoni, Mkorea mmoja aliyekuwa mkalimani wa kikosi chao alikuwa amemfundisha namna ya kumlaza mtu chini bila kumpiga: kumshika kifundo cha mkono, kumgeuza kiwiko, kutumia nguvu yake mwenyewe aliyokuja nayo. Mkorea huyo, alituambia, alikuwa mdogo kama mwanamke, na kila mara alimwangusha yeye kwenye theluji kama gunia. Tuliposikia hivyo tukampa huyo Mbelgiji jina la Mukorea, naye alipolijua alifurahi.

Alitaka kutufundisha. Jukwaani pale kulikuwa na walevi siku za treni, na ugomvi wa mizigo, na kila aliyempiga abiria alijiletea mashtaka. Serikali haikupenda wazo la Mzungu kuwafundisha weusi kupigana. Mwishowe ilikubali kwa sharti: hakuna ngumi, hakuna teke. Kwa hiyo tulipewa nusu ya kitu. Sikujua kwamba ni nusu mpaka miaka mingi baadaye, nilipoingia ukumbi mmoja wa michezo huko Bukavu na kuwaona vijana wakifanya mambo yale yale ya kifundo na kiwiko, lakini pia wakiruka na kupiga mateke ya kuzunguka. Nikauliza mchezo huo unaitwaje. Wakaniambia hapkido. Sisi tuliuita kifundo tu.

Tulifanya mazoezi Jumamosi mchana, katika ghala la mpunga lililokuwa tupu. Tulimwaga makapi ya mpunga chini, tukatandika turubai juu yake, tukawa na mahali pa kuangukia. Vumbi la makapi lilituingia puani na katika nywele, na Jumapili kanisani ungeweza kuwatambua watu wa kifundo kwa kupiga chafya. Tulikuwa kumi. Mimi nilikuwa na daftari. Niliandika kila mshiko kwa namba, mguu upi unatangulia, kidole gumba kinakaa wapi. Mkuu wa yadi aliliona daftari hilo na kuanza kuniita mbele kama msaidizi wake. Sitasema kwamba jambo hilo halikunipendeza.

Tatizo lilikuwa ishara. Mtu akishikwa vizuri lazima awe na njia ya kumwambia mwenzake inatosha. Huko Korea, walikuwa wakigonga chini kwa kiganja mara mbili, au wakijigonga paja. Lakini Kiswahili cha mkuu wa yadi kilikuwa cha kuamrisha mizigo, na neno alilolipata lilikuwa hili: "Ukisikia maumivu, piga makofi mbili."

Ghala zima likanyamaza, kisha likacheka. Mpima mizigo, mtu mzima mwenye tumbo, akamtazama kijana aliyepangiwa naye.

"Huyu mutoto? Nimupigie makofi huyu? Amekuwa sultani tangu lini?"

"Piga tu, baba," kijana akasema. "Nitakubariki."

Walicheka tena. Hakuna aliyemweleza mkuu wa yadi kwamba neno lake lilikuwa na kazi nyingine kwetu. Mimi niliyejua Kifaransa kuliko wote pale ningeweza kumwambia: sema gonga, usiseme piga makofi. Ni neno moja tu. Niliona ni jambo dogo, na wakati huo nilikuwa nikiandika.

Kwa kuona aibu, watu wakaacha kupiga. Walisema kwa mdomo: acha, acha, acha, huku wakicheka kama watu wanaotekenywa, na mwenzao akiachia kabla mshiko haujakaa. Mkuu wa yadi akakasirika. Alituketisha kwenye turubai.

"Kinywa hapana," alisema. "Kinywa inadanganya. Mukono tu. Ukisikia kinywa, hapana acha. Ukisikia mukono, acha."

Niliiandika hiyo kama kanuni ya tatu, na kuipigia mstari kwa rula.

Mjomba hakuwa miongoni mwa wale kumi. Alikuja kutazama tu, akikaa juu ya mizani ya magunia, mkono wake wa kulia ukiwa kwapani. Alikuwa na tabia ya kuuweka hapo kila alipokuwa mahali penye purukushani. Alinichokoza mbele ya watu.

"Mupwa, kuku wangu umemaliza, sasa unajifunza kukamata watu?"

"Kuku wako wamejua mbio, mujomba. Lazima nitafute mbinu."

"Sawa. Kuku chukua. Mukono wangu utaniachia."

Ghala lilicheka, nami nilicheka kuliko wote.

Baada ya miezi kadhaa, mkuu wa yadi alitaka kuwaonyesha wakubwa kazi yake. Ilikuwa Jumapili baada ya misa, na Waislamu wa mtaa nao walikuja, na wake zetu, na watu wa upande wa Pangi waliofanya kazi stesheni. Wageni wa serikali walipewa viti mbele ya turubai. Mwenzangu wa kuonyesha naye alikuwa kijana wa bohari, na asubuhi hiyo alilala na homa. Mkuu wa yadi akapitisha macho kwenye umati, akitafuta mtu wa kimo changu. Akamwona mjomba juu ya mizani.

"Wewe, mutu ya telegrafu. Kuya."

Nikamwambia kwa Kifaransa kwamba huyo ni mjomba wangu. Lakini Kifaransa kina neno moja tu kwa kaka wa mama na kaka wa baba na mume wa shangazi, na neno hilo halina kuku ndani yake wala makofi. Aliniitikia kwa furaha. "Njo vizuri. Ndugu hapana hasira."

Ningeweza kuendelea kueleza. Wageni walikuwa wameketi.

Mjomba hakukataa, kwa sababu kukataa mbele ya watu wale kungekuwa kuniaibisha. Alivua koti, akalikunja, akalilaza juu ya mizani. Alipofika karibu nami alisema kwa sauti ya chini, akitabasamu kwa ajili ya watu: "Polepole, mupwa. Kesho niko na kazi."

Mishiko miwili ya kwanza ilikwenda vizuri. Alikuwa mwepesi kwa umri wake, akaanguka bila kujiumiza, na watu wakashangilia. Mke wake alipaza sauti, "Baba, amka, bado hujalala," na hata wageni walicheka ingawa hawakuelewa.

Wa tatu ulikuwa wa kifundo. Unaukamata mkono wa mwenzako kwa mikono yako yote miwili, vidole gumba juu ya mgongo wa kiganja, unaugeuza nje na chini, naye hana njia ila kupiga goti. Mjomba akapiga goti. Mkuu wa yadi akawageukia wageni na kuanza kuwaeleza kwamba mchezo huu hauna hatari, kwa sababu kuna ishara, na sasa wataiona. Akaniambia nishike mpaka ishara.

Nilishika. Mkono wa kushoto wa mjomba ulikuwa huru, umelala juu ya turubai, kiganja wazi. Kilichotakiwa ni kuuinua kidogo na kuushusha, mara mbili. Mbele yake walikuwa mke wake na watu wa kwetu. Alikuwa amepiga goti mbele ya mpwa wake, na sasa alitakiwa kupiga makofi mawili. Aliutazama mkono ule wa kushoto kama mtu anayetazama kitu alichokiweka mtu mwingine. Haukuinuka.

Kisha akasema, bila kuinua sauti, "Mupwa. Acha."

Nilisikia. Ninalisema hili wazi kwa sababu kwa miaka mingi nimejaribu kujiambia kwamba palikuwa na kelele. Hapakuwa na kelele. Umati ulikuwa umenyamaza ukingoja ishara. Nikatazama juu, na mkuu wa yadi akatikisa kichwa. "Bado."

"Acha, mutoto ya dada yangu."

Nikakaza kidogo, si kwa hasira, kwa kutaka tu aharakishe, apige, tumalize. Kifundo kililia kama muhogo mkavu unapovunjwa.

Daktari wa hospitali alimfunga plasta. Siku ya pili mkuu wa stesheni aliniita na kuniambia niandike ripoti ya tukio, kwa kuwa Kifaransa changu kilikuwa safi na nilikuwepo. Niliandika nusu ukurasa. Niliandika mahali, saa, mpangilio wa mishiko. Niliandika kwamba kanuni ya ishara ilikuwa imeelezwa mara nyingi, na kwamba majeruhi, ingawa mkono wake wa kushoto ulikuwa huru, hakutoa ishara iliyokubaliwa. Hapo kalamu ilisimama. Sentensi iliyofuata ilikuwa tayari kichwani: alisema niache, mara mbili. Nikafikiri wataniuliza kwa nini sikuacha. Nikafikiri nitalazimika kuandika pia ile "bado" ya mkuu wa yadi. Nikatia nukta, nikasaini. Hakuna neno la uongo katika ripoti ile.

Kwa ripoti hiyo wakubwa waliamua kwamba mtu wa telegrafu aliumia kwa kutofuata kanuni, katika mchezo, siku isiyo ya kazi. Kiti chake hakikuwekwa kumngoja. Aliyepewa alikuwa kijana kutoka Kabalo.

Plasta ilipotoka, walimruhusu ajaribu. Nilikuwa upande wa pili wa ukuta na nikaacha kuandika. Aligonga jina la stesheni yetu kuita Kibombo. Vidole vilikuwa vinajua, lakini kifundo hakikukunjika kama zamani, milio mifupi ikatoka mirefu, na kule mwisho wa kila neno, pale alipokuwa akiushika mlango, palikuwa na kitu kama kujikwaa. Kibombo ilikaa kimya. Kisha ikauliza, nami nililielewa neno lile: nani?

Aligonga tena.

Nani?

Nikasikia kiti kikisukumwa nyuma. Hakungoja mtu amwambie. Alitoka, akapita mlangoni pangu bila kutazama ndani, na juma lililofuata akaanza kazi katika chumba cha taa, kutia mafuta ya taa na kusafisha vioo vya taa za treni kwa kitambaa. Mkuu wa yadi alihamishwa mwaka uleule, akaniachia barua ya kunisifu kwa utaratibu wangu.

Nilimwendea mjomba katika chumba kile cha taa, saa ya mapumziko. Nikapiga goti kwenye sakafu yenye mafuta, nikapiga makofi mawili, nikangoja. Aliendelea kusugua kioo mpaka kikawa safi, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Nimesikia," alisema. Nikainuka. "Ile karatasi, mukubwa wa stesheni alinisomea. Imeandikwa vizuri sana."

Nilijifuta mafuta magotini.

"Neno nilisema pale chini, liko ndani?"

"Hapana, mujomba."

Alitikisa kichwa polepole, kama alivyokuwa akifanya alipopokea telegramu ya msiba na kabla hajaiandika. "Haya. Nipe kile kioo kingine."

Hakulitaja tena. Nilifikiri adhabu ingekuja kwa maneno, kama ilivyo kawaida ya wajomba, na haikuja. Mimi mwenyewe nikajipa adhabu yangu, na ndiyo ninayoijutia kuliko yote. Niliacha kuchukua kuku. Niliona haya kutumia haki ya mpwa baada ya kile nilichofanya kama mpwa. Nilikuja kumsalimu mikono mitupu, nikaondoka mikono mitupu, nikajiona mtu wa heshima.

"Paka ya pori amehama?" mke wa mjomba aliniuliza siku moja.

Mjomba alikuwa kwenye kiti, akishona ukanda wa taa kwa mkono wa kushoto. Alisema bila kuinua macho, "Kuku wangu wanazeeka, mupwa."

Nilitabasamu, nikasema nimeshiba. Niliona usoni pake kwamba nimejibu vibaya, nami nikaenda zangu.

Alistaafu muda mfupi kabla ya Uhuru, akarudi upande wa Pangi. Mara mbili dereva wa lori la mchele aliniletea salamu zake, na mara zote mbili zilikuwa na maneno yaleyale: mwambie kuku wanazeeka. Mara ya pili niliahidi kwamba nitakwenda kiangazi. Kiangazi hicho nilikuwa nimepandishwa cheo na kulikuwa na kazi ya kupanga majalada upya.

Huko Bukavu, siku ile ya ukumbi, nilikaa kwenye benchi nikiwatazama. Mwalimu alikuwa kijana Mkongo. Alimsimamisha mwanafunzi mmoja aliyechelewa kuachia, akamwambia mbele ya wenzake: mtu akigonga, unaacha. Akisema, unaacha. Akipumua vibaya, unaacha. Wewe uliyeshika ndiye wa kusikiliza. Alisema hivyo kwa haraka, kama jambo ambalo kila mtu analijua, kisha wakaendelea. Nilitoka kabla hawajafunga.

Pangi nilifika hatimaye, kwa matanga ya mjomba. Siku ya tatu, watu walipopungua, mke wa mjomba alinipeleka nyuma ya nyumba. Kulikuwa na kuku wengi, zaidi ya wanaohitajika na mjane mmoja. Jogoo mmoja alikuwa mzee, hata hakukimbia.

"Kamata," aliniambia.

Nikamkamata. Alikuwa mwepesi, mifupa na manyoya tu. Nilisimama naye pale uwanjani, nikiwa nimeelekea mlango wa nyumba, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Majirani walikuwa kwenye vibaraza vyao, wakitutazama. Mke wa mjomba naye aliutazama mlango ule, kisha akanitazama mimi, na hakuna aliyenung'unika.